Darubini Fupi ya Bunduki na Kioo Kinachokunja Nuru

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wasikilizaji. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Watu wengi wamekwisha kuona darubini, ama mkononi mwa nahodha, ama shingoni mwa askari wa mbuga za wanyama, ama katika picha za sinema. Lakini ni wachache waliopata kuelezwa kwa nini ina umbo lile, na ni kitu gani kilichomo tumboni mwake. Leo nataka tufungue kwa maneno chombo kimoja cha jamaa hiyo, yaani ile darubini fupi inayofungwa juu ya bunduki, ambayo ndani yake mna kipande cha kioo kiitwacho prizimu. Nimekichagua chombo hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika nafasi isiyozidi kiganja cha mkono yamekusanyika mafunzo mengi ya elimu ya nuru. Ya pili, kosa la mtu anayekitumia laweza kuondoa uhai wa mwenzake, na uhai ukiondoka haurudishwi.

TAABU YA DARUBINI ZA KWANZA

Mwaka 1609 mtaalamu wa Kiitalia, Galileo, alijitengenezea darubini na kuielekeza mbinguni. Ilikuwa na vioo viwili, au kama wasemavyo mafundi, lenzi mbili. Lenzi ya mbele ilikuwa imetuna katikati, na ile ya kwenye jicho ilikuwa imebonyea. Darubini hiyo huonyesha vitu wima kama vilivyo, lakini uwanja wake wa kuona ni mwembamba, kana kwamba mtu anachungulia katika tundu la ufunguo. Tena ndani ya bomba lake hapana mahali ambapo picha ya kitu hujichora. Kwa hiyo mtu akitaka kuweka humo alama ya kulengea shabaha, hana pa kuiweka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1611, Mjerumani aitwaye Johannes Kepler alieleza katika kitabu namna nyingine, ya kutumia lenzi mbili zilizotuna. Lenzi ya mbele hukusanya nuru inayotoka kwenye kitu na kuchora picha ndogo ndani ya bomba. Lenzi ya jicho hufanya kazi ya kioo cha kukuza, na kwayo mtu huitazama picha ile ndogo ikaonekana kubwa. Mahali pale pale picha inapojichora, fundi aweza kutega nyuzi mbili zilizopitana kama msalaba, au kuweka kioo chembamba kilichochorwa alama. Hapo jicho huona vitu viwili pamoja, alama na shabaha, vyote vikiwa safi. Hili ndilo jambo kubwa. Katika bunduki ya kawaida mtu hulazimika kulinganisha vitu vitatu: kiwiko cha nyuma karibu na jicho, ncha ya mbele, na shabaha iliyo mbali. Jicho la mwanadamu haliwezi kuviona vitatu vyote vizuri kwa wakati mmoja. Darubini huviweka vyote mahali pamoja.

Lakini picha ya Kepler ina kasoro. Imepinduka, kichwa chini na miguu juu, tena kulia kumekuwa kushoto. Wanajimu hawakujali, kwa maana nyota haina kichwa wala miguu. Mtu anayetazama mambo ya nchi hawezi kuridhika hivyo. Swala akikimbia kulia, katika darubini ataonekana akikimbia kushoto na miguu yake ikikanyaga mbingu. Mtu akiufuata kwa haraka mwendo anaouona, ataielekeza bunduki upande usiopasa kabisa.

Dawa ya kwanza iliyopatikana ni kuongeza lenzi nyingine katikati ya bomba, ambazo huipindua picha mara ya pili ili isimame sawa. Dawa hii ni njema, na darubini nyingi za wawindaji zatengenezwa hivyo hata leo. Ina faida yake pia, kwa kuwa lenzi zile za katikati zikisogezwa mbele na nyuma, picha yaweza kukuzwa zaidi au kupunguzwa. Gharama yake ni urefu, maana bomba lazima lirefuke. Dawa ya pili ni prizimu.

MAJI KATIKA GILASI

Ili tufahamu prizimu, natuanze na jambo ambalo kila mtu aweza kulijaribu nyumbani. Chukua gilasi safi yenye maji, uiinue juu kidogo ya macho yako, kisha utazame kupitia ubavu wake, ukiuangalia uso wa maji kutoka chini. Utashangaa kuona uso ule unang'aa kama fedha. Huoni kilicho juu yake. Tumbukiza kijiko, nawe utaona kipande chake kilichomo majini kimepata pacha, kikining'inia juu yake kichwa chini. Maji yamekuwa kioo cha kujitazamia, wala hakuna mtu aliyeyapaka kitu.

Sababu yake ni hii. Nuru iliyomo ndani ya maji au ndani ya kioo, ikitaka kutoka nje hewani, hupinda. Ikiufikia uso wa kutokea karibu wima, hutoka. Ikiufikia kwa kulala mno, haipati njia ya kutoka, na yote hurudishwa ndani. Kwa kioo cha kawaida cha darubini mpaka wa jambo hili ni pembe ya digrii 42 hivi, tukipima kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso ule. Mafundi basi hukata kipande cha kioo chenye pande tatu, mfano wa kabari, ambacho ndani yake nuru huupiga uso kwa digrii 45. Kwa kuwa 45 yapita 42, nuru yote hurudi. Kioo cha kujitazamia kilichopakwa fedha hula sehemu ya nuru, na fedha yake hufifia kwa miaka. Uso wa prizimu hauli kitu. Tena prizimu ni kipande kimoja kigumu, na pembe zake, zikiisha kukatwa sawa, hazibadiliki.

Tazameni, lakini, jinsi ushindi huu ulivyo mwembamba. Tofauti baina ya 42 na 45 ni digrii tatu tu. Uso wa prizimu ukipata matone ya maji au alama ya mafuta ya kidole, mpaka ule hubadilika mahali pale, na nuru hupenya ikatoroka. Ndiyo sababu darubini njema hufungwa barabara isiingie unyevu, na nyingi za siku hizi hujazwa naitrojeni kavu badala ya hewa ya kawaida.

KANGA ILIYOKUNJWA

Mwaka 1854 Mwitalia mwingine, Ignazio Porro, alipata hati ya kuwa na haki ya werevu wake mpya. Alichukua prizimu mbili na kuzipanga zikikabiliana, moja ikiwa imelazwa na ya pili imesimamishwa. Nuru ikiingia katika prizimu ya kwanza hugonga nyuso mbili na kurudi ilikotoka, na katika kurudi huko picha hupinduliwa juu na chini. Huingia katika prizimu ya pili, ikagonga nyuso mbili tena, na picha hupinduliwa kulia na kushoto. Mwisho wa safari picha iliyokuwa kichwa chini imesimama wima, na kulia ni kulia.

Faida ya pili ilikuja bila kuitwa. Katika safari hiyo nuru imekwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena. Mtu akichukua kanga na kuikunja mara tatu, aweza kuitia katika kisanduku kidogo, lakini urefu wa kanga haukupungua hata kidole kimoja. Ndivyo ilivyo njia ya nuru ndani ya prizimu. Lenzi yapata urefu wote inaouhitaji, na bomba labaki fupi.

Hata hivyo kazi ya Porro haikuenea upesi. Nuru hupita mwendo mrefu ndani ya kioo kizito cha prizimu, na vioo vya siku zile vilikuwa na mapovu na michirizi. Ilibidi kungojea kioo safi. Katika mji wa Jena, Ujerumani, Otto Schott alianzisha mwaka 1884 kiwanda cha kuyeyusha vioo vya namna mpya, akishirikiana na mtaalamu Ernst Abbe na kiwanda cha Carl Zeiss. Mwaka 1894 kiwanda hicho kikaanza kuuza darubini za macho mawili zenye prizimu. Zile darubini zenye mabega mapana, ambazo wengi wetu tumeziona, ni uzao wake. Mabega yale mapana ndimo prizimu zilimolala.

PAA LA NYUMBA

Iko namna nyingine ya prizimu ambayo hupenda kutumiwa katika darubini za bunduki. Prizimu za Porro huitoa nuru pembeni ya mstari ilioingilia, na kwa hiyo chombo huwa kipana. Mafundi wakabuni prizimu ambayo uso wake mmoja umegawanywa sehemu mbili zilizoinamiana, mfano wa paa la nyumba. Nusu ya nuru hugonga mteremko wa kushoto kisha wa kulia, na nusu ya pili hugonga wa kulia kisha wa kushoto, na kwa hila hiyo kulia na kushoto hubadilishana mara moja. Kwa prizimu hizi nuru yaweza kutoka ikiufuata mstari ule ule ilioingilia, na chombo huwa chembamba. Pale ambapo nuru hugonga uso kwa pembe ndogo, isiyotosha kurudishwa yote, uso huo hupakwa fedha au aluminiamu.

Sasa sikieni gharama yake. Miteremko miwili ya paa lile lazima ikutane kwa digrii 90 kamili. Ikikosea kidogo, nusu mbili za nuru hazitakutana mahali pamoja, na mtu ataona shabaha mbili badala ya moja. Kosa linaloruhusiwa huhesabiwa kwa sekunde za pembe, na sekunde moja ni sehemu moja ya digrii iliyogawanywa mara 3,600. Mkitaka mfano, kipimo hicho ni kama upana wa nusu inchi ukitazamwa kutoka mbali zaidi ya maili moja na nusu. Fundi wa prizimu anasugua kioo chake kwa kufuata kipimo cha namna hiyo, wala hawezi kusema, "Yatosha, imekaribia."

DARUBINI KUTOKA CLEVELAND

Katika mji wa Cleveland, Marekani, palikuwa na kiwanda cha Warner & Swasey. Kilijulikana kwa kutengeneza mitambo ya kubebea darubini kubwa za wanajimu, mojawapo ile ya Lick, huko California, yenye lenzi ya upana wa inchi 36, iliyomalizika mwaka 1888. Kiwanda hicho hicho kililitengenezea jeshi la Marekani darubini ya bunduki yenye prizimu, ya mfano wa mwaka 1908, iliyokuza mara sita. Ikafuatwa na mfano wa mwaka 1913, uliokuza mara tano na kidogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wakanada nao waliifunga juu ya bunduki zao ziitwazo Ross.

Kwa umbo ilikuwa kama nusu ya darubini ya macho mawili, imefungwa ubavuni mwa bunduki, upande wa kushoto. Ilikuwa fupi, na picha yake ilisimama wima. Lakini askari walipoitumia katika mahandaki waliona taabu zake. Uzito wake ulipita ratili mbili. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba jicho lilipaswa kukaa karibu sana na kioo, yapata inchi moja na nusu tu. Bunduki ya vita ya siku zile ilipopigwa ilirudi nyuma kwa nguvu. Ili jicho lisiumizwe, kiwanda kiliweka pete ya mpira kwenye kioo cha jicho. Mpira ule nao uliwahi kunata usoni kwa kufyonza hewa, na ikalazimu kuutoboa matundu ili hewa ipite.

Twajifunza nini hapa? Prizimu ilifanya kazi yake vizuri. Lililokosekana ni mapatano kati ya chombo, bunduki na mwili wa mtu. Mtu anayetazamia pigo la jichoni hujikunyata kabla ya kuvuta mtambo, na anayejikunyata hukosa shabaha. Kioo kizuri namna gani hakiwezi kumponya mtu hofu ya aina hiyo.

MAMBO YA MIAKA ILIYOFUATA

Jambo jingine lilihitaji kutengenezwa, nalo ni upotevu wa nuru. Kila mara nuru inapoingia katika kioo au kutoka, sehemu nne hivi katika kila mia hurudishwa na kupotea. Chombo chenye nyuso kumi za namna hiyo hupoteza theluthi ya nuru yote. Mchana wa jua kali hasara hiyo haionekani, bali wakati wa magharibi huwa ndiyo tofauti ya kumtambua mtu na kutomtambua. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Zeiss, alivumbua njia ya kupaka lenzi utando mwembamba mno usioakisi nuru. Ule urujuani au ukijani muonao juu ya lenzi za darubini na kamera ndio utando huo.

Waingereza walipochukua bunduki yao mpya ya SA80 katika miaka ya 1980, waliipa darubini ya prizimu iitwayo SUSAT, inayokuza mara nne. Badala ya msalaba ina kijiti cheusi kinachosimama kutoka chini. Mwaka 1987 kiwanda cha Marekani kiitwacho Trijicon kilitoa nyingine, nayo yaitwa ACOG. Ile ya kwanza yakuza mara nne, lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32, urefu wake haufiki inchi sita, na uzito wake ni wakia kumi hivi. Alama yake imechorwa juu ya kioo na huangazwa usiku kwa tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu katika muda wa miaka 12 na kidogo. Tritiamu ikififia, alama yenyewe haifutiki.

Lakini pimeni umbali wa jicho katika ACOG hiyo ya kwanza: ni inchi moja na nusu, sawa na ile ya mwaka 1908! Kwa nini basi hii ilikubaliwa na ile ikalalamikiwa? Kwa sababu bunduki ya siku hizi inayobeba chombo hiki hupiga risasi ndogo ya milimita 5.56, na kurudi kwake nyuma ni kwa upole. Mapatano yale yaliyokosekana yamepatikana, na sehemu kubwa yake imetoka upande wa bunduki.

DARUBINI NA SISI

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na raia wengi hawatashika kamwe darubini ya bunduki. Lakini darubini ya macho mawili, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja, yaweza kumfikia mwalimu, mvuvi au kijana anayewaongoza wageni mbugani. Mwenye nayo ayakumbuke maneno haya machache. Asiiangushe, kwa maana prizimu ikisogea kidogo, macho mawili yataona picha zisizolingana na kichwa kitamuuma. Asipanguse kioo kwa kitambaa chenye mchanga, bali kwanza apulize vumbi. Aliye pwani aihifadhi mahali pakavu, kwa sababu unyevu huotesha kuvu juu ya lenzi. Tena asielekeze darubini kwenye jua kamwe. Lenzi ile inayokusanya nuru ya swala itakusanya na nuru ya jua, na jicho lililoungua halina dawa.

ONYO LA MWISHO

Limebaki neno moja, nalo ni lile nililoligusa mwanzo. Darubini ya bunduki na bunduki yenyewe hutazama mahali pamoja. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kwa hiyo mtu akiona kitu kinatikisika kichakani na kuinua bunduki ili achungulie katika darubini ajue ni nani, amekwisha kumwelekezea mtu yule kifo kabla hajamjua. Kidole kikiteleza, hapana tena swali la kuuliza. Walinzi na wawindaji waliofunzwa vizuri hukatazwa jambo hili. Hutazama kwanza kwa darubini ya mkononi, wakaisha kujua ni nani au ni nini, na kipi kiko nyuma yake, ndipo bunduki huinuliwa kama kuna haja. Wazee walisema, mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Mwenye bunduki hana ruhusa ya kutojua.

Prizimu yaweza kuisimamisha wima picha iliyopinduka, na yaweza kukileta karibu kilicho mbali. Haiwezi kumwambia mtu kama yule anayeonekana ni adui au ni mtoto wa jirani anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kazi hiyo ni ya akili ya mtu, na hufanywa kabla kidole hakijagusa mtambo.